Nilipong'arisha Gari la Mjomba

Msomaji wangu, kabla hujaendelea, tafuta mahali pa kuegemea. Wiki hii nimesalitiwa na watu wengi kiasi kwamba nimeanza kumkumbuka Askofu kwa upendo.

Kwa wale waliofutia vioo gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nawakumbusha. Nimerudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa kosa la kubandika tangazo. Tangazo lenyewe lilikuwa na lugha ya heshima na mhuri niliouchonga kwenye kiazi. Liliwataka watu wote wafike stoo kupimwa ukubwa wa vichwa kwa ajili ya kofia mpya za shule. Wanafunzi walipanga foleni. Hilo nililitarajia. Sikutarajia makamu wa mkuu wa shule apange foleni pia, tena mbele kabisa, avue na miwani ili apimwe vizuri.

Aliyeshika futikamba alikuwa Askofu, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Si askofu kweli. Tunamwita hivyo kwa jinsi anavyosali mitihani ikikaribia. Tulipokamatwa, Askofu alifuta chozi akasema nilimlazimisha. Yeye yuko shuleni. Mimi niko nyumbani na godoro langu.

Bodi ya shule inakaa Jumatatu kuamua kama nirudi au nikatafute elimu mahali ambako hawajasikia habari zangu. Na mtu wa kuniokoa ni mmoja tu: mjomba wangu, kaka yake mama, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Akikohoa, mkuu wa shule humletea maji.

Jumamosi asubuhi mama alinishika mkono, akanipeleka kwa mjomba kuomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Kichwa chako kina sentimita ngapi?"

Nikainamisha kichwa hicho hicho. Mjomba alicheka mpaka kiti kikalia. Ningependa mjue, kabla ya yote yatakayofuata, kwamba nilikuwa nampenda sana mtu huyu. Ndiye aliyenifundisha utani wangu wa kwanza duniani, wa kutia chumvi kwenye kopo la sukari. Ndiye aliyeniambia, nikiwa bado nafungwa kamba za viatu: "Mpwa wangu, utani mzuri ni ule ambao aliyetaniwa hajui mpaka leo."

Nimeishi kwa maneno hayo. Endeleeni kuyashika.

"Kaka," mama akasema, "mtoto amejuta."

"Amejuta wapi? Ana uso wa mtu anayetafuta ukuta wa kubandika tangazo jingine." Akanigeukia. "Nitakwenda. Nitasimama mbele ya bodi niseme wewe ni kijana mwema, Mungu anisamehe. Lakini siingii uwanja wa shule na gari lile lilivyo."

Tukaligeukia gari. Gari la mjomba ni jeusi, la zamani, na yeye hulitunza kama jino la dhahabu. Ila vijana wa kuosha magari walikuwa wamelisugua kwa matambara yenye mchanga. Jua likipiga, unaona mikwaruzo midogo ya duara kila mahali, kama utando wa buibui.

"Nataka ling'ae," mjomba akasema, "mpaka mkuu wa shule afunge tai akijitazama mlangoni."

"Kwa kitambaa, mjomba?"

"Kwa kitambaa utamaliza ukiwa babu. Kakodi mashine ya kupigia polishi. Nenda na binamu yako, yeye ana akili."

"Na mimi nina nini?"

"Wewe una mhuri wa kiazi."

Akachukua kofia yake kwenda kwenye kikao cha kamati, kwa miguu, maana gari lilikuwa linaingia hospitali. Alipofika getini akageuka. Hakuwa akicheka tena.

"Kitu kimoja. Boneti usiifungue. Huko ndani anagusa fundi wangu peke yake."

Hilo halikuwa jipya. Mjomba ana fundi mmoja tangu nizaliwe, na boneti ile hufunguliwa mbele ya fundi huyo tu. Mimi nilidhani ni wivu wa kawaida wa wenye magari.

Mama alifungua mlango wa nyuma akatoa mkoba wake. Mlango ule una tabia mbaya: ukiubamiza tu haufungi, mpaka kwanza uunyanyue kidogo kwa kiganja. Mimi nimefokewa "Nyanyua!" tangu utotoni na hadi leo hunishinda. Mama hajawahi kufokewa. Aliunyanyua akaufunga bila kutazama, kama mtu anayezima taa ya chumbani kwake. Nikajisemea, akina mama wana vipaji.

Akanipa simu yake. "Naingia kumpigia mjomba wako pasi suti ya Jumatatu. Baba yako akipiga, mpokee. Na uzungumze naye kama mtu aliyelelewa."

Baba yangu, kwa wageni wa safu hii, yuko mbali. Zamani alikuwa na gari lake la kijani la kubeba abiria, na gari hilo ndilo lililotulisha. Asubuhi moja aliamka akakuta mahali lilipolala pana alama ya mafuta tu. Watu wakasema aliacha ufunguo ndani. Mjomba alilisema neno hilo kuliko wote, tena kwa huzuni, huku akimpigapiga begani. Baba alishindwa kuwatazama watu machoni. Akaenda nchi nyingine kuendesha malori ya wenyewe. Hupiga kila Jumamosi, na hajawahi kuanza mazungumzo kwa neno jingine isipokuwa: "Nisamehe, mwanangu, kwa lile gari."

Haya. Twende dukani.

Binamu yangu, binti wa mjomba, tunamwita Jaji. Hakuna kesi mtaani asiyoitolea hukumu, na hakuna aliyewahi kushinda rufaa. Njia nzima alitazama video za kupiga polishi kwenye simu yake, akinisomea mashtaka.

"Unajua kosa la kwanza la anayeanza?"

"Kufuatana na wewe."

"Kuchagua mashine kwa macho."

Duka la kukodisha vifaa lilikuwa katikati ya kinyozi na mziba pancha. Mwenye duka, mtu mwenye kijiti cha meno kilichokwisha kuzeeka mdomoni, aliweka mashine mbili juu ya kaunta.

"Hii inazunguka tu," akasema, akigusa ile kubwa. "Na hii inazunguka huku inatikisika."

"Tofauti yake?"

"Ya kwanza inakata haraka. Ukikosea, imeshakata. Ya pili ni ya polepole. Hata ukikosea inakustahimili."

"Tupe inayostahimili," Jaji akasema. "Huyu ni mtu wa kustahimiliwa tangu azaliwe."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuinyanyua ile kubwa. Ilikuwa nzito, na mkono wake ulikaa kiganjani kama usukani wa pikipiki. Nikabonyeza. Ilinguruma mpaka kinyozi wa jirani akachungulia, na mteja wake akachungulia nyuma yake na nusu ya nywele.

"Jaji, mwanamume hashiki mashine inayotetemeka."

"Mwanamume yupi? Kwani ameshafika?"

Mwenye duka alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Umewahi kuitumia, kijana?"

"Shuleni tunazo."

"Mnang'arisha nini shuleni?"

"Tabia."

Akanipa. Nadhani alitaka tu tuondoke. Akaweka na vichwa vyake vya kubandika: kimoja cha sponji laini, kingine cha sponji ngumu, na kingine cha manyoya ya kondoo. Akaweka chupa za dawa, nyepesi ya kumalizia na nzito ya kukata mikwaruzo.

"Anza na sponji laini na dawa nyepesi," akasema. "Ikishindwa, ndipo upande kwenye nzito."

Msomaji, mimi nilifika nimeshapanda.

Tuliosha gari, tukalikausha. Jaji alipitisha vidole juu ya rangi kama daktari, akatangaza kwamba bado kuna chembe za mchanga. Tukaliosha tena. Kisha akazungushia utepe wa karatasi kwenye raba za vioo, kwenye taa, na kwenye kingo zote za milango na boneti.

"Kingo za nini?"

"Rangi ya ukingoni ni nyembamba. Mashine ikipita hapo inakula mpaka chini. Na jaribu kwanza sehemu ndogo, iliyojificha."

"Jaji, mimi nimewapima vichwa walimu. Gari ni kitu gani?"

Nikamimina dawa nzito kwenye manyoya, nikainua mashine juu kama mtu anayefungua sherehe, nikabonyeza.

Dawa yote iliruka. Iliruka ukutani, ikaruka kwenye shati langu, ikaruka kwenye shuka za mjomba zilizoanikwa kambani, na tone moja nono likatua katikati ya paji la uso la Jaji.

Jaji hakujifuta. Aliniangalia na tone lake. "Mahakama imeona."

Nilipoiweka mashine kwenye gari huku inazunguka, ilinivuta kushoto kama mbuzi aliyeona jani. Nikajikuta niko kwenye taa ya mbele nikiwa nimekusudia mlango. Jaji akachomoa waya ukutani.

"Sikiliza sasa, na ukileta utani naingia ndani. Dawa kidogo. Iweke mashine juu ya rangi ikiwa imezimwa. Isambaze dawa kwa kuigusisha hapa na pale. Ndipo uwashe, mwendo wa chini. Ilale bapa. Usiikandamize, uzito wake unatosha. Na usisimame mahali pamoja."

Akanibandikia sponji laini kwa mkono wake mwenyewe. Nikatii.

Na likaanza kutokea jambo. Mashine ilitulia. Nikaipeleka taratibu, kwenda na kurudi, kila njia ikipanda kidogo juu ya njia iliyotangulia. Jaji alikuwa akigusa rangi kwa upande wa nyuma wa mkono. "Imepata moto, sogea." Nilisogea. Tulipofuta kwa kitambaa laini, utando wa buibui ulikuwa umeondoka mlangoni. Palikuwa na weusi mzito, kama maji ya kisima, na ndani yake uso wangu.

Nilitulia nao. Tangu nirudishwe nyumbani nilikuwa sijajitazama vizuri. Haukuwa uso wa mtu mbaya.

"Unajipenda?" Jaji akauliza.

"Najisamehe."

Tukamaliza milango, tukamaliza buti, tukafika boneti. Boneti nayo ilikubali, isipokuwa ukingo wa mbele. Pale utepe ulipobandikwa palibaki mstari uliofifia, na macho yangu hayakuweza kuuacha. Nilikuwa namwona mkuu wa shule akiinama kufunga tai, akiuona mstari ule, na kunifukuza kwa ajili yake.

Jaji alikwenda kujaza ndoo. Ndiyo nafasi niliyoingoja. Nikabandua utepe, nikavua sponji nikavika manyoya, nikatia dawa nzito. Nikailaza mashine kwa ubavu juu ya ukingo, nikakandamiza, nikasimama mahali pamoja.

Kwa kifupi, nilivunja kila sheria niliyosomewa, kwa mpangilio.

Manyoya yalianza kuwa meusi. Nikafurahi, nikidhani ni uchafu unatoka. Ikaja harufu, kama kitana kilichoangukia kwenye jiko. Nikazima.

Weusi ulikuwa umekwisha. Palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja. Kuzunguka doa palikuwa na pete ya kijivu, na katikati ya ile pete palikuwa na kijani.

Nitakieleza kijani hicho, kwa sababu hakiuzwi dukani. Baba alikichanganya mwenyewe kwenye ndoo, kopo moja la rangi ya majani na jingine la buluu lililokuwa limebaki mahali. Alipaka gari lake, na kilichobaki akapaka mlango wa mbele wa nyumba yetu. Mlango huo bado upo. Nimeufungua kila siku ya maisha yangu. Nimewahi kuupaka gundi kwenye kitasa, nikawahi kuugonga na kukimbia ingawa ni mlango wa kwetu.

Mlango wa nyumbani kwetu ulikuwa ukinitazama kutoka kwenye boneti ya mjomba.

Jaji akarudi na ndoo. "Umeshaunguza! Nilijua! Kingo nilikuambia, kingo, wewe una masikio ya—"

Akaona. Ndoo ikashuka chini polepole, maji yakamwagikia viatu vyake na hakuyatazama.

"Jaji, hii ni rangi gani?"

"Sijui."

"Tangu nikujue hujawahi kusema sijui."

Akanyamaza. Msomaji, Jaji kunyamaza ni kama jogoo kuomba usingizi.

"Binamu," nikasema, na sikumbuki mara ya mwisho nilipomwita hivyo. "Sema."

"Nilikuwa mdogo. Gari liliingia gereji likiwa la kijani. Fundi akaja. Lilipotoka lilikuwa jeusi, na namba nyingine. Nikamuuliza baba mbona amepaka gari la shangazi. Akaniambia ni utani, anawatania watu wa kwenu, na nikiutoboa nitaharibu."

"Utani."

"Nilicheka. Nilikuwa mtoto, nikacheka. Nikangoja siku mtakayoambiwa, tucheke wote." Sasa alijifuta lile tone la paji la uso, lilikuwa limekauka, likamkwaruza. "Halafu baba yako akaondoka, nikaelewa kwamba siku hiyo haipo."

"Na ulipokuwa mkubwa?"

"Nilipokuwa mkubwa niliona aibu."

"Kila likizo nimekutania. Nimekutilia chura kwenye begi. Ulikuwa unanitazama ukifikiri nini?"

"Nilikuwa nasema moyoni, mwache, maskini."

Kati ya yote niliyoambiwa siku ile, neno hilo ndilo lililoingia kabisa. Nimesemwa mtundu, nimesemwa shetani, makamu wa mkuu wa shule amenisema kwa maneno ambayo kamusi inayaogopa. Maskini sijawahi kuitwa.

Nikafungua mlango wa dereva, nikavuta kishikio cha kufungulia boneti. Jaji hakunizuia. Alikuja akainua upande wake.

Chini kote palikuwa kijani. Baba alipapaka kwa brashi, kwa haraka, mahali ambapo abiria hawaoni, na matone yake yaligandia palepale yalipoteremka. Mlango wetu una matone hayohayo upande wa bawaba. Utotoni niliyaita machozi ya mlango.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mimi, bingwa wa tangazo la kofia, niliyewapanga foleni walimu wenye shahada, nimetaniwa utani mmoja tangu sijajua kusoma. Nimepandishwa ndani ya utani huo nikapelekwa shule. Nimeuosha. Siku hiyo nilikuwa nimeupiga polishi kwa mikono yangu, na nilikuwa nimeshukuru.

"Mheshimiwa."

Mama huniita hivyo nikiwa matatani. Alikuwa mlangoni na suti ya mjomba kwenye hanga, imenyooka kama barua ya serikali. Akatazama boneti iliyo wazi. Akatazama doa. Nilisubiri apige kelele. Nilisubiri suti ianguke.

"Funga," akasema.

"Mama, unaona hii?"

"Naona. Funga, mjomba wako yuko njiani."

"Ni gari la baba!"

"Punguza sauti."

Alitundika suti kwenye kamba, mbali na shuka zenye dawa, akalainisha bega la koti. Ni namna alivyolilainisha bega lile iliyonishtua. Nikakumbuka mkono wake asubuhi, ulivyounyanyua ule mlango wa nyuma bila kutazama.

"Ulijua," nikasema.

Hakukana. Ningempa dunia nzima kama angekana.

"Nilijua siku ya kwanza aliyonipa lifti. Mkono wangu ulinyanyua mlango kabla sijafikiri. Nikakaa. Nikatazama shingo ya kaka yangu njia nzima."

"Na hukusema neno!"

"Baba yako alikuwa ameshaondoka. Wewe ulikuwa unaanza shule, na shule iko mbali. Nani alikuwa anakupeleka?"

"Gari la baba ndilo lilikuwa linanipeleka!"

"Ndiyo," mama akasema. "Nilijiambia, angalau bado linambeba mwanawe."

Nikaishika simu yake mfukoni mwangu.

"Baba anaomba msamaha kila Jumamosi, mama. Kila Jumamosi. Na wewe unasikia."

Midomo yake ikacheza kidogo. Kisha akamgeukia Jaji. "Mwanangu, niletee dawa nyeusi ya viatu."

"Shangazi..."

"Niletee."

Jaji akaleta. Mama yangu, aliyewahi kunichapa kwa kusema nimenawa mikono kumbe sijanawa, alifunga boneti kwa viganja, akachota dawa ya viatu kwa kidole gumba, akaanza kukifunika kijani cha mumewe. Alisugua kwa uangalifu, kwa mizunguko midogo, bila kukandamiza. Alikuwa anafanya vizuri kuliko mimi.

"Jumatatu utakaa kiti cha nyuma," akasema bila kuinua uso. "Utanyamaza. Atakusemea, utarudi shule. Ukimaliza masomo, simama juu ya paa ukitangaze unachotaka. Leo usinichomee nyumba."

"Na nisipokubali?"

"Basi utakuwa umeshinda, na utakaa nami nyumbani tukiutazama huo ushindi."

Nje, getini, tulisikia mluzi. Mjomba hupiga mluzi akitoka vikaoni, ule wa mtu aliyepitishwa bila kupingwa. Alikuwa anasalimiana na jirani. "Nakwenda kumwona mtundu wangu," akasema, na jirani akacheka.

Na simu ya mama ikalia mfukoni mwangu.

Mama akatikisa kichwa. Jaji akatazama viatu vyake vilivyolowa. Nikapokea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nisamehe, mwanangu, kwa lile gari." Sauti ilikuwa na upepo na malori nyuma yake. "Mama yako ameniambia habari za bodi. Na mjomba wako atakusimamia?"

"Amesema hivyo."

"Mshukuru sana. Mshike mkono umshukuru, na kwa niaba yangu pia. Yule mtu ametubeba tangu nilipowaangusha."

Lango likafunguka. Mjomba akaingia, kofia mkononi, akaliona gari. Uso wake ukawaka kama wa mtoto. Alipita mlangoni akajitazama, akanyoosha tai ambayo hakuwa ameivaa. Akanionyesha dole gumba. Kisha akaja mbele, akaona ukingo wa boneti, akaugusa kidogo kwa ncha ya kidole.

Kidole kikarudi cheusi. Akakinusa.

Akamtazama mama, aliyekuwa ameficha mkono wake nyuma ya gauni. Akatoa leso mfukoni, taratibu, akafuta pale palipopakwa. Kijani kikatokea.

Nilikuwa nasikia malori ya upande wa baba.

"Upo?" baba akauliza. "Mbona umenyamaza? Unafanya nini sasa hivi?"

Mjomba akainua macho kutoka kwenye doa, akaiona simu sikioni mwangu. Midomo yake ikatamka bila sauti: nani? Mama alikuwa bado anatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

"Napiga polishi gari, baba."

"Safi kabisa. Kazi ya mikono haijawahi kumtupa mtu," baba akasema, na nikamsikia akitabasamu. "Gari la nani?"